Saba Yenye Mshipi

Asubuhi hiyo Dauphin, Manitoba,
nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri,
nikitoka zamu ya usiku wodini
niliwasha hita ya Buick ya marehemu baba,
gari likanitemea makohozi makavu usoni.

Chembe nyeusi, nyepesi kama masizi ya sufuria,
zikatua kwenye sare yangu.
Nikaibinya moja: ikapakaa, haikuvunjika.
Nikanusa. Haikunuka kuungua.

Lorne Bouvette, jirani,
fundi aliyestaafu magoti lakini si ulimi,
alisimama mlangoni mwa gereji na kahawa yake.
"Usifungue kitu. Liulize kwanza."
Kuliuliza gari?
"Peleka hewa miguuni. Sasa kiooni.
Sasa baridi. Sasa moto. Linakohoa wapi?"

Lilikohoa kwenye moto.
Kwenye baridi lilinyamaza, kama mgonjwa
anayeona sindano.

"Ungekuwa unga mweupe," akasema, "ningekuonea huruma:
rejeta ndogo ya hita inajila yenyewe.
Ingenukia utamu, kioo kikashika ukungu wa utelezi,
ningekwambia uza.
Hii ni sponji tu. Mle ndani mna kilango
kinachochagua joto na baridi,
walikivika sponji kisigonge kikifungwa.
Miaka thelathini na tano, Orysia.
Hata wewe ungepukutika."

Na hiki je?
Nikakitoa nyweleni: kipande cha karatasi,
kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho,
na juu yake saba moja ya wino wa buluu,
saba iliyofungwa mshipi kiunoni.
Sponji haiandiki.
Na mtaani kwetu hakuna mwingine
aliyekuwa akiifunga saba mshipi.

Tukang'oa kijidroo cha mbele ya abiria.
Skrubu sita; ya tano ikakataa katakata,
Lorne akaitukana kwa Kifaransa cha nyanya yake, ikalegea.
Feni ikashuka taratibu viganjani mwangu.
Nimepokea watoto wengi namna hiyo,
hakuna aliyekuja amevaa manyoya ya mbwa.

Kiota.
Pamba ya kiti cha nyuma, sindano za msonobari,
maganda ya alizeti
(baba alitafuna alizeti kutoka kanisani hadi nyumbani
akiyaficha maganda kwenye mfuko wa mlango
mama asione),
na daftari lake la petroli, lote,
limechanwa nyuzi nyuzi kama kabichi ya kachumbari:
lita, kilomita, tarehe.

Panya alilipitia ukurasa kwa ukurasa.
Mimi, miaka mitatu, kijidroo kile sikukifungua.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, sawa;
asiyeziba tundu hujengewa nyumba.
Lorne akakata wavu wa chuma, akauziba mlango wa hewa
chini ya kioo cha mbele, mahali majani huingilia.
Mimi nikafyonza vumbi mpaka mashine ikachoka.
Kilango hatukukifikia.
"Dashibodi nzima itoke," akasema, "siku mbili, na matusi ambayo sina tena."
Akaomba soksi yangu ya nailoni, akaivisha matundu.
Sasa sponji hunasa humo kama ndevu;
kila Jumapili nainyoa.

Vipande vya karatasi nimeviweka
katika kikombe cha hospitali cha kupimia mkojo
(kipya, kina kifuniko).
Huvipanga mezani zamu ikiwa tulivu.
Vingi ni namba, haziendi popote.
Kimoja kina neno la Kiukreni, herufi tano:
pichka. Jiko dogo. Hivyo ndivyo alivyoiita hita.
Kisha koma.

Basi naye aliona.
Baada ya koma aliandika nini,
panya ndiye ajuaye.